Kumweleza Mtoto wa Njombe Vita vya Maji Maji

Mtoto wa shule ya msingi anayekulia Njombe au Makambako hukutana na Vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa tangu Julai 1905 hadi 1907, kama habari ya watu wa mbali. Ramani ya kitabuni humwonyesha Kilwa, milima ya Matumbi, bonde la Rufiji, Liwale na Songea, na maelezo yanayofuata huwa na viungo vitatu visivyobadilika: Wajerumani waliwalazimisha watu kulima pamba, mganga akatoa maji ya kugeuza risasi, risasi zikakataa kugeuka. Hakuna uongo katika viungo hivyo. Hata hivyo, kwa nchi ya Wabena havielezi karibu chochote, kwa sababu pamba haikuwa zao la nyanda za baridi, na kwa sababu siku ambayo Wabena walikivamia kituo cha misheni cha Yakobi, kusini ya mji wa sasa wa Njombe, yaani 19 Septemba 1905, mganga mwenyewe alikuwa amekwisha kunyongwa kwa zaidi ya wiki sita. Maelezo yanayomwacha mtoto bila jibu la swali la kwanza ambalo angeliuliza, yaani kwa nini vita vilifika kwao, yanahitaji kufumuliwa na kusukwa upya.

Dola iliyopigwa vita ilikuwa bado changa. Ujerumani ilianza kudai nchi hizi mwaka 1885 kwa mgongo wa kampuni ya wafanyabiashara, na mwaka 1891 serikali ya Berlin ikachukua utawala moja kwa moja na kuifanya Afrika Mashariki ya Kijerumani kuwa koloni, yaani nchi inayotawaliwa na nchi nyingine kwa faida ya mtawala. Askari wake walikuwa wachache kulingana na ukubwa wa nchi, kwa hiyo utawala ulikaa katika maboma, ambayo ni ngome zenye ofisi, ghala na kambi ndani yake, na kati ya boma na boma ulitegemea maakida na majumbe. Akida alikuwa ofisa mwenyeji, mara nyingi mtu wa pwani, aliyesimamia vijiji vingi. Jumbe alikuwa mkuu wa kijiji kimoja. Mwaka 1898 ilitangazwa kodi ya nyumba, kwa kawaida rupia 3 kwa mwaka, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa jasho lake, akibeba mizigo au akijenga barabara. Mtoto anaweza kuelewa kodi bila shida. Anachopaswa kuongezewa ni kwamba waliolipa hawakuulizwa itumikeje, wala hawakuwa na mahali pa kumshitaki akida aliyewapiga viboko.

Huko pwani na nyuma ya pwani, mzigo huo uliongezewa pamba. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya Gavana Gustav Adolf von Götzen ilianzisha mashamba ya vijiji ambayo watu walitakiwa kuyalima kwa zamu, wakati uleule ambao mashamba yao ya chakula yaliwangoja. Katika wilaya ya Dar es Salaam, mgawo wa mtu mmoja kwa kazi ya mwaka mzima ulifikia senti 35. Mwalimu akiandika ubaoni senti 35 upande mmoja na rupia 3 upande wa pili, darasa la tano litamaliza hesabu lenyewe.

Mtu aliyeipa hasira hiyo umbo aliitwa Kinjikitile Ngwale, wa Ngarambe. Mnamo 1904 alisemekana kupagawa na pepo aliyeitwa Hongo na kuzama katika kidimbwi, kisha akatoka akiwa mkavu na mwenye ujumbe: wote ni wamoja, waliokufa wapo pamoja na walio hai, na iko dawa itakayomlinda anayepigana. Dawa hiyo ilikuwa maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na punje za nafaka, na watu walimiminika Ngarambe kuichukua. Habari zilienea kwa minong'ono, kampeni ambayo Wamatumbi waliiita njwiywila, na baadaye zikabebwa na wajumbe walioitwa kwa jina la pepo yuleyule, mahongo, waliokwenda nchi hadi nchi wakiwanywesha na kuwanyunyizia watu maji.

Hapa ndipo mafundisho ya darasani hujikwaa. Watoto hucheka, na mwalimu, akiona aibu kwa niaba ya wazee, ama hupita haraka ama husema kwamba babu zao walidanganywa. Kicheko hicho kina dawa yake katika kutazama kwingineko duniani: mwaka 1890 Walakota wa Marekani walivaa mashati waliyoamini kwamba hayapenyi risasi, na mwaka 1900 wapiganaji wa China walioinuka dhidi ya mataifa ya Ulaya walifanya mazoezi ya kuufanya mwili usidhurike na silaha. Watu wasio na bunduki za kutosha, wanaokabiliwa na watu wenye nyingi, hutafuta kitu cha kuwatoa hofu. Lakini kazi kubwa zaidi ya maji ilikuwa nyingine. Watu wa koo mbalimbali, ambao kizazi kimoja nyuma walikuwa wakitekana na kuuzana, hawakuwa na mfalme mmoja, lugha moja wala bendera, na mtu aliyekwisha kunywa dawa aliweza kumtambua mwenzake wa nchi nyingine kuwa yuko upande wake. Maji yalifanya kazi ambayo baadaye ilifanywa na kadi ya chama. Yaliposhindwa kuzuia risasi, imani ya kinga ilivunjika haraka, mahali pengine katika siku moja. Mtandao wa watu uliokuwa umejengwa nayo ulidumu muda mrefu zaidi, na ndiyo sababu mapigano yaliendelea kwa miaka miwili wakati ambapo, kwa hesabu ya risasi peke yake, yangemalizika kwa miezi miwili.

Mlipuko wa kwanza ulitokea Nandete, Umatumbi, mwishoni mwa Julai 1905, watu walipong'oa miche ya pamba ya serikali. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro, jambo ambalo halikuzima kitu, kwani moto ulikuwa umekwisha kuhama kwake. Tarehe 14 Agosti askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa pamoja na wenzake, masista wakiwamo, wakiwa safarini karibu na Liwale. Tarehe 30 Agosti Wapogoro na Wambunga walilivamia boma la Mahenge, wakakutana na bombomu, yaani bunduki ya rashasha inayomimina risasi mfululizo, na mamia wakaanguka mbele ya ukuta. Kisha maji yakaingia Ungoni, na kutoka huko yakapanda milima kuelekea Upangwa na Ubena.

Ubena wa wakati huo ulikuwa nchi iliyochoka. Kwa miaka mingi ya karne ya 19 ulikuwa kati ya majirani watatu wenye nguvu: Wahehe wa Munyigumba na mwanawe Mkwawa upande wa kaskazini, Wangoni upande wa kusini, na Wasangu wa Merere upande wa magharibi. Uwanda wa Makambako, ambapo leo barabara ya Songea huungana na barabara kuu iendayo Mbeya na ambapo reli ya TAZARA ina stesheni, ni mlango wa asili wa kuingilia Ubena kutoka Uhehe. Mkwawa alipokufa mwaka 1898, baada ya vita vya miaka saba na Wajerumani, watwa wa Ubena, yaani watawala wa kienyeji, hawakuwa na sababu ya kumlilia mwenye dola aliyeondoka, na baadhi yao waliona katika Wajerumani kinga dhidi ya majirani. Katika hali hiyo Wamisionari wa Kilutheri wa Shirika la Berlin walifungua vituo vyao, kwanza Kidugala mwaka 1898, kisha Lupembe, Ilembula na Yakobi katika miaka michache iliyofuata.

Kwa hiyo uso wa dola ambao Mbena wa kawaida aliuona mwaka 1905 haukuwa wa akida na shamba la pamba. Ulikuwa uso wa mkusanya kodi aliyetoka boma la Iringa na, karibu zaidi, uso wa mmisionari. Huko Yakobi mmisionari huyo alikuwa Paul Gröschel, ambaye ndimi za Wabena zilimgeuza kuwa Korosani. Mmisionari wa mbali na boma hakuwa mhubiri tu: alikuwa na ardhi, alihitaji wafanyakazi, aliamua kesi, alipokea watu waliokimbia kwao, na kwa kufanya hivyo alijitwalia sehemu ya kazi zilizokuwa za mtwa. Huenda mwenyewe aliyaona hayo kuwa huduma. Kwa mtwa yalikuwa kunyang'anywa watu mmoja mmoja. Wazee wa Yakobi waliohojiwa miaka mingi baadaye na mwanahistoria James Giblin waliviita vita hivyo vita vya Korosani, na simulizi zao zilizungumzia zaidi ugomvi uliokuwa kati ya watu wa hapo na mtu huyo kuliko mpango mkubwa wa kuifukuza Ujerumani kutoka Afrika. Jambo hili halipunguzi ukubwa wa vita; linaonyesha vilivyokuwa kweli, yaani magomvi mengi ya mahali mbalimbali yaliyoshikanishwa na dawa moja.

Mtwa Mbeyela, mmojawapo wa watawala wenye nguvu wa Ubena, ndiye aliyeongoza shambulio la Yakobi. Wakati ulichaguliwa vizuri, au bahati iliuchagua: Kapteni Ernst Nigmann, mkuu wa jeshi la Iringa, ambaye angetazamiwa kuja kuokoa misheni, alikuwa ametoka na kikosi chake kwenda kuliokoa boma la Mahenge, ng'ambo kabisa ya bonde la Kilombero, na hakukuwa na reli wala gari la kumrudisha. Wavamizi walikuwa wengi, wenye mikuki na magobore, yaani bunduki za kushindiliwa baruti kwa mdomo ambazo huhitaji muda mrefu kati ya risasi na risasi. Ndani ya kituo alikuwamo Gröschel pamoja na Wabena waliokuwa wamejiunga naye, wakiwa na bunduki za kisasa chache lakini zenye kasi. Mlango haukuvunjika. Waliokuja wakiwa wamekunywa maji waliona wenzao wakianguka, na shambulio likarudishwa nyuma.

Waliokilinda kituo hawakuwa Wajerumani peke yao, na jambo hili mara nyingi huachwa katika masomo ya watoto kwa kuogopa kuwachanganya. Watoto huchanganyikiwa zaidi wanapodanganywa. Askari wa Schutztruppe, jeshi la koloni, walikuwa Waafrika chini ya maofisa wa Kijerumani, baadhi kutoka Sudani, wengine Wamanyema na Wanyamwezi. Pamoja nao walikwenda rugaruga, wapiganaji wa muda waliotolewa na watawala walioshikamana na serikali na kulipwa kwa nyara. Wahehe, ambao miaka saba tu nyuma walikuwa wakipigana na Wajerumani, safari hii hawakuinuka, na wengi wao walitumika upande wa Nigmann. Merere wa Usangu alibaki na serikali. Kiwanga, mtawala wa Wabena walioshuka na kukaa bonde la Ulanga, aliwasaidia Wajerumani tangu mwanzo, ilhali Wabena wa mlimani chini ya Mbeyela walikunywa maji. Kabila moja lilikuwa na watu katika pande zote mbili, na hakuna sababu ya kuamini kwamba mmoja alikuwa na akili na mwingine mjinga: Kiwanga aliwapima Wajerumani akaona kwamba watamlinda dhidi ya maadui zake wa bondeni, Mbeyela aliwapima akaona kwamba watammaliza. Mtoto wa Makambako mwenye mama Mhehe na baba Mbena, na wako wengi, hawezi kupewa historia ambamo babu mmoja ni shujaa na mwingine hayumo.

Hapo ndipo ilipo sababu ya kwanza ya kushindwa, ambayo ina uzito kuliko maji. Maji Maji havikuwa na makao makuu. Wamatumbi waliinuka Julai, Wapogoro Agosti, Wangoni na Wabena Septemba, na Wajerumani, ambao wangezidiwa kabisa kama wote wangeinuka siku moja, waliweza kuhamisha kikosi kilekile kutoka Iringa hadi Mahenge, kisha Ungoni, wakizima kimoja baada ya kingine huku wakingoja askari wa ziada kufika kwa meli. Tarehe 21 Oktoba 1905 Nigmann aliishambulia kambi ya Wangoni huko Uwereka, na baada ya hapo hapakuwa tena na jeshi kubwa la wapiganaji lililothubutu kusimama uwandani. Chabruma, mtawala wa Wangoni wa Mshope, na wengineo wakagawanyika katika vikundi vidogo, wakajificha misituni na mabondeni, wakapiga na kukimbia. Kijeshi lilikuwa wazo zuri kuliko lile la kuvamia kuta.

Jibu la serikali kwa wazo hilo lilikuwa njaa. Mmoja wa maofisa, Kapteni Wangenheim, alimwandikia gavana kwamba silaha peke yake hazitamaliza kazi na kwamba ukosefu wa chakula ndio utakaowatiisha watu, na von Götzen alikubaliana na fikra hiyo. Vikosi vilichoma vijiji, vikachukua mifugo, vikamwaga au kubeba nafaka iliyokuwa ghalani, na vikazuia watu kurudi mashambani. Katika nyanda za juu mbinu hii iliuma kwa namna yake. Mvua za kupandia huanza Novemba na Desemba. Mtu aliyekimbilia korongoni mwezi Oktoba na kubaki huko hadi Januari hakupanda, na asiyepanda ulezi au mahindi msimu huo hakuwa na cha kuvuna katikati ya 1906. Msimu mmoja uliopotea ungeweza kuvumilika kama ghala zingekuwa zimejaa. Ghala zilichomwa, na askari walirudi msimu wa pili. Ndivyo vita vilivyoingia katika nyumba za watu ambao hawakuwa wamekunywa tone la maji, wanawake, watoto na wazee ambao kosa lao lilikuwa kuishi katika nchi iliyoandikwa ramanini kuwa ya waasi.

Idadi za waliokufa huonyesha ni nani aliyekuwa akihesabu. Upande wa serikali orodha ni kamili: Wazungu 15, askari 73 na wapiganaji wasaidizi 316. Upande wa pili, watawala wa Kijerumani walikadiria vifo 75,000, ilhali mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyefanya utafiti wa kina juu ya vita hivi, alikadiria kuwa waliokufa kwa vita na njaa walifika kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti kati ya makadirio hayo mawili ni kubwa kuliko jeshi lolote lililopigana, na inatokana kwa sehemu kubwa na njaa, kwa sababu mtu anayekufa kichakani kwa kula mizizi haandikwi katika taarifa ya mapigano. Maeneo mengine yaliyoachwa tupu yalirudiwa na msitu, wanyama pori na mbung'o, na sehemu ya nchi hiyo imo leo ndani ya hifadhi za wanyama za kusini.

Kuhusu adhabu maneno machache yanatosha. Tarehe 27 Februari 1906 huko Songea walinyongwa makumi ya viongozi wa Wangoni, Nkosi (yaani mfalme) Mputa Gama akiwamo, na nduna (yaani jemadari) Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake, akanyongwa siku chache baadaye. Chabruma alivuka hadi nchi ya Wareno, Msumbiji ya leo, akafia huko. Huko Songea kumbukumbu zimekusanywa mahali pamoja: ipo makumbusho, ipo maadhimisho ya kila Februari, upo uwanja na klabu ya soka vyenye jina la Majimaji, na tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikwenda huko, akakutana na ukoo wa Mbano na kuomba msamaha. Njombe haikupata nafasi ya namna hiyo katika hadithi ya taifa. Sababu mojawapo ni kwamba kumbukumbu ya Ubena inaelekea pande mbili kwa wakati mmoja: Kanisa la Kilutheri, ambalo kituo chake kilivamiwa, lilikua baada ya vita hadi likawa nyumba ya kiroho ya wajukuu wengi wa wavamizi, na Dayosisi ya Kusini ya kanisa hilo (KKKT) ina makao yake makuu mjini Njombe. Ni vigumu kumjengea sanamu mtu aliyerusha mkuki kuelekea mahali ambapo familia yake husali.

Linabaki swali la kama hayo yote yanastahili kuitwa vita vya taifa. Mwaka 1905 hapakuwa na Tanganyika. Jina hilo lilianza kutumika chini ya Waingereza mwaka 1920. Taifa lilivaa vita hivi baadaye. Mwaka 1956, akiwa mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York, Julius Nyerere aliviita uasi wa watu waliokataa haki ya mgeni kuwatawala, na aliviita hivyo huku akidai uhuru kwa njia isiyomwaga damu, kwa kuwa chama chake, TANU, kilikuwa kimejifunza gharama ya njia nyingine. Mwaka 1968 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walisambaa kusini kukusanya simulizi za wazee, na mwaka uliofuata Ebrahim Hussein akatoa tamthilia ya *Kinjeketile*. Kazi hizo ziliokoa mengi yaliyokuwa karibu kupotea. Lakini zilizaliwa katika miaka ambayo nchi ilitafuta umoja, na umoja ndio walioupata kwa wingi. Ugomvi wa Mbeyela na Korosani, uamuzi wa Kiwanga, rugaruga wa Kihehe waliorudi nyumbani na ng'ombe wa Ungoni, vilikaa pembeni hadi watafiti wa kizazi kilichofuata, kama Giblin na Jamie Monson katika kitabu walichokihariri mwaka 2010, walipovirudisha mezani.

Kwa mwalimu wa darasa la tano mjini Makambako, utafiti huo unaweza kugeuka somo bila kupoteza ukweli wake. Mtoto wa miaka kumi hahitaji kuelezwa jinsi watu wanavyonyongwa. Anaweza, hata hivyo, kuonyeshwa mahali Yakobi ilipo na njia aliyopita Nigmann kwenda Mahenge, akahesabu siku za kutembea, akajionea kwa nini shambulio lilitokea wiki ile na si nyingine. Anaweza kuulizwa kwao hupanda mahindi mwezi gani, na jibu lake litamfikisha kwenye njaa ya 1906 kwa hatua moja. Na akiuliza babu wa babu yake alikuwa upande gani, anastahili kuambiwa kwamba huenda alikuwa nje ya ukuta wa Yakobi, huenda ndani, na huenda alikuwa korongoni na watoto, akingoja pande zote mbili ziondoke ili akapande.